Kudumu kwa Pete

Katika Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016, dhahabu si kitu kigeni, maana huchimbwa humo humo mkoani. Almasi hutoka mbali zaidi, Mwadui katika Mkoa wa Shinyanga. Kijana wa Tunduma anayetaka kuposa aweza kushauriwa anunue pete ya dhahabu nyeupe yenye kito cha almasi, kwa hoja kwamba pete hiyo hudumu kama ndoa ipasavyo kudumu. Hoja hii yapendeza masikioni. Yafaa tuipime.

Almasi ni kaboni, asili moja na makaa. Walakini kwa ugumu hushinda madini yote ya asili. Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Pigo likiiangukia pabaya huipasua, na moto mkali wenye hewa ya oksijeni huiteketeza. Ikikingwa na hayo, huishi kupita umri wa mwenyewe. Mwaka 1947 almasi ya Mwadui yenye rangi ya waridi, karati 54.5, ilitolewa zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Mtoaji, John Williamson, alifariki mwaka 1958. Mpokeaji alitawazwa, akatawala, akafariki mwaka 2022. Jiwe lingalipo.

Dhahabu nyeupe ina habari nyingine. Dhahabu kwa asili ni ya manjano. Sonara huichanganya na paladiamu au nikeli, kisha mara nyingi huivika utando mwembamba wa rodiamu. Utando huo hulika kwa kuvaliwa, umanjano ukachungulia, na pete ikarudi kwa sonara kuvikwa upya. Meno yanayoshika kito nayo hulika; yasipoangaliwa, almasi isiyolika huanguka ikapotea njiani.

Je, weupe huo ni uongo? Kuvikwa si uongo. Nasi huvaa nguo. Uongo ni wa muuzaji ajuaye akanyamaza, mnunuzi akaenda zake akidhani kwamba alichonunua hakitahitaji mkono wake tena.

Sasa, katika viwili hivi, kipi kifanane na ahadi ya ndoa? Wengi watasema almasi. Mimi naona sivyo. Almasi hudumu pasipo jitihada ya mtu. Ndoa ikivunjika, yang'aa. Ikiibwa, humng'aria mwizi vile vile. Shahidi wa namna hii hawezi kushuhudia uaminifu wa mtu yeyote. Dhahabu nyeupe hufifia, na kwa kufifia humwita mwenyewe aitunze.

Pengine mtu atapinga kwamba ahadi inayohitaji kufanywa upya ni dhaifu tangu mwanzo. Hapana ahadi ya binadamu isiyohitaji hayo. Kudumu kwa jiwe ni tabia. Kudumu kwa mtu ni kazi, na kazi hiyo hainunuliwi dukani. Kwa hiyo kijana anayeposa, akiisha kuuliza pete itadumu miaka mingapi, na aulize pia ni nani atakayeitunza.