NYOKA YA SHABA NA SANAMU YA MTI
Somo: 2 Wafalme 18:1-7



Musa alifanya nyoka ya shaba kwa agizo la Mungu, na walioitazama walipona. Miaka mingi baadaye wana wa Israeli wakawa wanaifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja. Siku ya kwanza nyoka ile haikuwa mbaya. Kilichogeuka ni moyo wa watu.

Jambo hili lilifika hata kwetu. Kule Hispania na Ureno, wakristo huchonga watakatifu kwa mti, huwapaka rangi, huwabeba njiani katika Juma Takatifu. Wareno walileta sanamu za namna hiyo katika Ufalme wa Kongo. Mafundi wa Kongo nao wakafanya Mtakatifu Antonio kwa mti, kwa pembe ya tembo na kwa shaba. Wakamwita Toni Malau, Antonio wa bahati njema. Watu walimvaa awakinge na ugonjwa. Wanawake wenye mimba walimtegemea wazae salama. Ukumbusho ukawa dawa. Mwaka 1921, nabii Simon Kimbangu aliposimama Nkamba, aliagiza watu watupe dawa zao za kuabudiwa, nao wakazitupa.

Lakini tusimcheke jirani Mkatoliki. Sista Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Walipoufukua mwili wake mwaka 1965, sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwake ilisaidia kumtambua. Sanamu ile haikumkinga na kifo. Kilichosimama imara ni ahadi yake kwa Mungu.

Na sisi je? Nyumba inaweza kukosa sanamu hata moja, na picha ya nabii juu ya mlango na chupa ya maji ya baraka chini ya kitanda vikawa Toni Malau wetu. Mtoto anaungua na homa; mama ananyunyiza maji, anangoja. Magoti hayakupigwa, kituo cha afya hakikufikiwa, na mtoto anakwisha. Mama zetu, baba zetu, maji ni alama ya maombi. Ombeni, kisha mbebeni mtoto kwa mganga wa hospitali. Naye ni mkono wa Mungu.

Kila mmoja ajiulize: kitu hiki kikipotea leo, imani yangu itabaki? Ikibaki, ni ukumbusho. Ikiondoka pamoja nacho, hiyo ni nyoka ya Hezekia. Ivunjwe.

Amina.