Ndege zina majina, waliouawa je?

Miezi michache iliyopita niliingia darasani kufundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, kidato cha pili, nikawakuta vijana wawili wa dawati la nyuma wakibishana. Ubishi wenyewe ulihusu ndege za kivita za Marekani. Mmoja anasema Apache ndiyo kiboko, mwenzake anasema hakuna cha kuifikia Reaper. Walikuwa wamezijua kwenye michezo ya simu. Yule wa pili akazitaja ndege zaidi ya kumi bila kupumua, kila moja na jina lake la utani na silaha inazobeba. Nikakumbuka kuwa wiki moja kabla nilimuuliza kijana huyo huyo majina ya watoto wa Mtume (S.A.W.), akaishia kwa Bibi Fatma (R.A.).

Sikumkaripia. Nilimuuliza swali moja tu: "Katika watu waliouawa na hiyo Reaper, unamjua hata mmoja kwa jina?" Darasa likanyamaza. Kisha akanijibu kwa adabu, "Ustadhi, kwani wewe unamjua nani?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi jina lina uzito gani? Kwa nini chombo cha kuua kinapewa jina la mapenzi, na anayeuawa anabaki kuwa hesabu tu?

Tuanze na majina yenyewe. Iko ndege iitwayo A-10. Jina lake rasmi lina maana ya radi, lakini wanajeshi wenyewe wanaiita Warthog, yaani ngiri, yule yule tunayemjua huku kwetu, kwa sababu ya sura yake mbaya. Wanaitania kama mtu anavyomtania ndugu yake. Lakini puani mwa ngiri huyo kuna bunduki ya milimita 30 inayoweza kutema risasi zaidi ya elfu tatu kwa dakika. Katika vita vya Vietnam, ndege ya AC-47 iliyokuwa ikimwaga risasi usiku ilibandikwa jina la joka wa wimbo wa watoto. Wimbo wa kuwabembeleza watoto wao ukawa jina la mauti kwa watoto wa wenzao.

Helikopta za jeshi la nchi kavu la Marekani nazo, kwa desturi, hupewa majina ya wenyeji wa asili wa bara lile. Apache ni kabila. Kiongozi wao mashuhuri, Geronimo, alijisalimisha mwaka 1886 na akafa mwaka 1909 akiwa bado mateka wa vita. Black Hawk alikuwa kiongozi wa Wasauk aliyepigana mwaka 1832 kwa ajili ya ardhi ya watu wake. Wenyewe wanasema ni kuwaenzi. Lakini ni heshima gani hii, kumnyang'anya mtu ardhi yake, kisha jina lake ukalipeleka kupigana katika ardhi za wengine? Black Hawk ilikuwa angani Mogadishu Oktoba 3, 1993. Apache ilikuwa angani Baghdad Julai 12, 2007, siku walipouawa watu kadhaa mtaani, wakiwamo wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters.

Na tusisahau Agosti 6, 1945. Ndege iliyopeleka bomu la atomiki Hiroshima iliitwa Enola Gay. Hilo lilikuwa jina la mama mzazi wa rubani wake, Paul Tibbets. Bomu lenyewe liliitwa Little Boy, yaani mtoto mdogo wa kiume. Jina la mama na jina la mtoto, vikawaangukia mama na watoto wa mji mzima.

Nilipomweleza haya mwalimu mwenzangu, alinipinga. Alisema, "Ustadhi, jina ni jina tu. Bomu liite ua waridi au liite shetani, anayekufa atakufa vile vile." Ni hoja nzito na sikuweza kuipuuza. Ni kweli, kwa aliyekufa hakuna tofauti. Tofauti ipo kwa aliye hai. Jina halibadilishi bomu, linabadilisha moyo wa mwenye kulitamka. Rubani akisema "nimempanda ngiri", hajasema "nimekwenda kuua". Ulimi ukizoea kulipamba jambo, moyo nao huacha kushituka.

Yapo pia majina yasiyoficha kitu. Reaper ni mvunaji, na kwa Wazungu huyo ndiye taswira ya mauti anayekuja kuvuna roho. Kombora lake linaitwa Hellfire, moto wa Jahannamu. Hapa Muislamu anapaswa kushituka zaidi. Sisi tunaamini kuwa roho huchukuliwa na Malakul-Mauti kwa amri ya Allah (S.W.). Na Mtume (S.A.W.) alikataza kuadhibu kwa moto, akabainisha kuwa adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake. Mwanadamu anayekiita chombo chake kwa majina hayo amejipa cheo kisicho chake. Agosti 29, 2021, mjini Kabul, Reaper ilirusha Hellfire ikaua watu kumi wa familia moja, saba kati yao watoto. Mwanzoni ilidaiwa kuwa ni shambulizi la halali dhidi ya magaidi. Septemba 17 mwaka huo huo, jeshi la Marekani likakiri kuwa lilikosea. Huyo mvunaji hakujua hata anamvuna nani.

Lakini tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole kwa wengine tu. Na sisi tujitazame.

Imepokewa kuwa alipozaliwa mjukuu wa Mtume (S.A.W.), Sayyidna Ali (R.A.) alitaka kumwita Harb, yaani Vita. Mtume (S.A.W.) akalibadili, akamwita Hasan. Alipozaliwa wa pili ikawa vivyo hivyo, akamwita Husein. Wapo wanachuoni waliojadili isnadi ya mapokezi haya, lakini katika Sunan Abi Daud imo hadithi inayoyataja majina Harb na Murra kuwa ndiyo mabaya zaidi. Na ni mashuhuri kuwa Mtume (S.A.W.) aliyabadili majina mengi yenye maana mbaya.

Sasa tazama yaliyotokea mwaka 1988. Iraq ya Saddam Hussein ilikuwa na makombora iliyoyaita al-Hussein. Makombora hayo yalirushwa kwenye mji wa Tehran, mji wa Waislamu, yakaua Waislamu majumbani mwao. Jina alilolichagua Mtume (S.A.W.) badala ya Vita, sisi wenyewe tukalirudisha vitani. Hapa tutamlaumu Mmarekani gani?

Sisemi kuwa kuipa silaha jina ni haramu. Upanga wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa na jina, Dhulfiqar. Lakini mwenye upanga anamuona usoni anayempiga, na alifungwa na mipaka: asiuawe mwanamke, asiuawe mtoto. Ninachosema ni kwamba jina ni ushahidi. Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, kuitana kwa lakabu mbaya. Kama kumbandika mtu jina baya ni dhulma, basi kuyabandika mauaji jina zuri nayo ni dhulma, kwa sababu inamficha aliyedhulumiwa.

Kwa hiyo wazazi na walimu wenzangu, hatuwezi kuwafungia vijana wetu simu zote. Tunachoweza ni kuwauliza. Akikutajia ndege, muulize ilipiga wapi, lini, na ilimuua nani. Nasi tujiandae kwa jibu kama nililopewa mimi.

Wiki iliyofuata yule kijana alinisubiri mlangoni na karatasi mkononi. Alikuwa ametafuta majina ya wale watoto saba wa Kabul. Nikampa nafasi, akayasoma mbele ya darasa. Safari hii hakuyataja bila kupumua. Alisoma moja, akatulia, akasoma la pili. Wadogo kati yao walikuwa hawajafikia hata umri wa kupelekwa madrasa. Tukawaombea dua, kisha tukaendelea na somo.

Allah (S.W.) awarehemu wote waliouawa kwa dhulma, na azilinde ndimi zetu zisiipambe dhulma kwa majina mazuri. Amin.