Sulhu kwa Kijana Aliyekosa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Muislamu wa pwani akipanda Moshi kwa biashara, akaingia vihambani juu ya mlima, ataona mti mwembamba wa majani marefu umepandwa mipakani mwa mashamba. Wachaga huuita isale. Mti huo una kazi ya pili: mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani lake kuomba radhi, na mwenye kupelekewa huona ni vizito mno kulikataa. Watu wa pwani husikia khabari hii wakacheka, wakasema ni ushirikina. Wasemao hivyo wana nusu ya haki. Mwenye kuitakidi kuwa jani ladhuru au lanufaisha amepotea, na ile mbege inywewayo watu wakipatana ni haramu kwa Muislamu, mlimani na pwani sawasawa. Lakini jani likiwa ni alama tu, mfano wa mkono ulionyoshwa, kinachobaki ni sulhu, na kusuluhisha baina ya waumini ni amri iliyomo katika Sura ya Hujurat.

Imepokewa kuwa Rafi bin Amr al-Ghifari, alipokuwa mtoto, alikuwa akiipiga mawe mitende ya Ansari. Akakamatwa, akaletwa mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume hakuanza kwa fimbo, aliuliza sababu. Mtoto akajibu kuwa ni kwa ajili ya kula. Akamkataza kupiga mawe, akamruhusu kula zilizoanguka, akampangusa kichwa, akamwombea shibe. Mitende ya watu ikasalimika, na mtoto naye akasalimika.

Leo kijana akishikwa na mkungu wa ndizi, au simu ya mtu pale stendi, hupigwa ukelele wa mwizi. Hayupo kadhi, hayupo shahidi, na huenda polisi wakakuta maiti. Na katika walioshika mawe hawakosi waliotoka kusali adhuhuri.

Serikali imeweka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yenye Mahakama ya Watoto, na Moshi penyewe pana nyumba ya mahabusu ya watoto. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 nayo yafanya mapatano kuwa kazi ya kwanza ya baraza. Hayo ni mema. Lakini kijana atokaye mahabusu hurejea kijiji kile kile, na mwenye ndizi angali akimtazama kwa jicho lile lile, kwani hapana aliyewakalisha pamoja.

Basi na wakalishwe: baba wa kijana, mjomba wake, mwenye mali, imamu na balozi wa nyumba kumi. Kijana aseme kwa kinywa chake alilolitenda, wala asisemewe na baba. Mwenye mali aeleze alichopoteza, na kama ni ada ya shule ya mwanawe, kijana aisikie. Kisha alipe. Asiye na fedha ana mikono: azibue mfongo unaopeleka maji shambani, achukue samadi ya ng'ombe migombani mwa aliyemwibia, mpaka haki itimie. Sulhu inayomnyima mwenye mali haki yake, naye hakuridhia kusamehe, ni dhulma ya pili.

Na yako mambo yasiyoingia katika sulhu hii. Wako wazee wanaokutana usiku, wakapokea mbuzi na fedha kufunika jambo la binti aliyeingiliwa kwa nguvu. Huko ni kuuza, na kilichouzwa si mali ya baba wala ya mjomba. Jambo hilo ni la mahakama, na imamu aliyehudhuria kikao hicho ana la kujibu.

Ama kijana aliyekwisha lipa, na apewe nafasi katika safu msikitini, wala asiitwe tena mwizi, hata kwa mzaha wa barazani.

Wabillahi tawfiq.