Je, Upendo wa Wiki Tatu Unamfaa Mtoto?

Tangu tuliporudi hapa Nakivale kutoka Mbarara, ambako sisi tisa, akina mama na vijana, tulijitolea wiki tatu katika nyumba ya watoto yatima, tunaulizwa swali moja: kwa nini na sisi tusijenge nyumba kama ile kwenye kiwanja cha kanisa? Watoto walioachwa na vita tunao, tena wageni wa ng'ambo hupenda kusaidia nyumba za namna hiyo. Kabla ya kujibu, tueleze kwanza kazi ilivyokuwa.

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Wengine walikwenda bombani, wengine waliwasha moto wa uji. Halafu kuogesha wadogo, kufua mashuka ya waliokojoa usiku (yalikuwa mengi kila siku), kuchambua maharage, kusonga bugali ambao wenyeji wanauita posho. Jioni tuliimba. Kinyankole kilitushinda mwanzoni, ila wenzetu wanaosema Kinyarwanda waliokota maneno wakatusaidia. Mama mlezi mmoja alikuwa na watoto kumi na wanne. Hatukumwona akikaa chini kabla ya saa tatu usiku.

Jambo lililotusumbua ni hili. Siku ya kwanza, kabla hatujajua jina la mtoto hata mmoja, walitukimbilia wakinyoosha mikono wabebwe. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alifurahi, akasema watoto hawa wana upendo. Akina mama wetu walinyamaza. Mtoto wa nyumbani akimwona mtu asiyemjua hujificha nyuma ya kitenge cha mama yake, achungulie kwanza. Anayemkumbatia kila apitaye amekwisha kuzoea kwamba kila apitaye huondoka. Siku ya kuagana, mtoto wa miaka minne hivi, aliyekuwa akilala mgongoni mwa mmoja wetu, hakulia. Aligeuka, akaenda kwa mgeni aliyefika asubuhi ile.

Hayo si ya Mbarara tu. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka kule Romania mwezi Desemba 1989, ulimwengu uliona maelfu ya watoto waliojazwa katika nyumba za serikali, na watu wengi walikwenda kujitolea. Baadaye, kuanzia mwaka 2000, wataalamu waliwafuatilia watoto 136 wa nyumba za Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi. Hao walikua vizuri zaidi, kwa akili na kwa moyo, hasa waliotolewa kabla ya kufikisha miaka miwili. Majirani zetu wa Rwanda nao mwaka 2012 waliamua kufunga nyumba hizo hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto katika familia. Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Hapo tuliguswa, maana hata katika nyumba ile walikuwepo watoto ambao mama zao wako hai. Waliletwa kwa sababu ya chakula na karo.

Basi ni dhambi kujitolea wiki tatu na kuondoka? Hatusemi hivyo. Msamaria wa Luka 10 naye aliondoka kesho yake, ingawa mahubiri mengi hayafiki hapo. Alimhudumia yule majeruhi usiku mmoja, akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Alimtia nguvu mtu anayebaki. Binti Farao vilevile alikuwa na mali, lakini Musa alinyonya kwa mama yake mwenyewe, na mshahara ukaenda kwa mama huyo. Kwa hiyo tunaona kazi yetu iliyofaa zaidi ilikuwa mashuka, siyo nyimbo. Kila shuka tulilofua lilimpa mama mlezi dakika chache za kukaa na mtoto.

Wapo wanaosema shuka halina picha ya kuonyesha wafadhili. Ni kweli, na sisi wakimbizi tunaijua sana habari ya kupigwa picha. Neno zito zaidi ni la wale wanaosema familia za hapa zimechoka. Tangu mwaka 2020 mgao umekatwa mara kadhaa, na kuna nyumba zinazompokea mtoto wa marehemu kisha zinamfanya mchota maji, wakati watoto wa tumbo wanakwenda shule. Hilo lipo kambini mwetu, hatulifichi, na nyumba ya watoto inayosimamiwa vizuri ingekuwa afadhali kuliko mateso hayo. Hata hivyo familia moja mbaya haitoshi kuwatoa watoto katika familia kumi zenye utu. Inatosha kuwapa mashemasi kazi ya kubisha hodi mara kwa mara, hata bila taarifa.

Tumewaomba wazee wa kanisa kiwanja kiendelee kulimwa mahindi na maharage, mavuno yagawiwe nyumba zinazolea watoto wasio wao. Wenye watoto hao wamwone mama shemasi Jumapili baada ya ibada, waandikishe majina, umri, na idadi ya mablanketi yanayohitajika. Vijana waliokuwa Mbarara watapita Jumatano kusaidia kufua. Mwenye sabuni atoe.