Sadaka ya Mpira wa Pampu

Kwenye zege la kisima cha mtaani kwetu, Ilemba, limechorwa jina la mfadhili na mwaka wa kuchimbwa. Mama anayekusanya hela ya vipuri hajaandikwa popote, wala kijana anayeshika spana pampu inapoanza kugoma. Mimi ni katekista, na kwangu hili ni suala la imani.

Tundu lenyewe ardhini hukaa miaka mingi. Kinachokufa ni pampu. Yetu, ya aina ya Afridev, ina mpira kwenye pistoni na bushi za plastiki kwenye mkono, navyo huliwa na mchanga na kazi, hasa kiangazi huku bondeni, foleni ya ndoo inapoanza kabla jogoo hajawika. Waliobuni pampu hiyo miaka ya 1980 walilijua hilo. Wakaiunda ifunguliwe kwa spana moja, pistoni ivutwe juu bila kung'oa mabomba. Walijua itachakaa, na kwamba atakayeifufua ni mwanakijiji.

Katika Mwanzo 26, Isaka anafukua visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti, kisha anavirudishia majina aliyoviita Abrahamu. Tunamhubiri sana Abrahamu. Isaka tunampita haraka, ingawa bila yeye visima vile vingebaki udongo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba Mungu hakuumba ulimwengu akauacha. Kuudumisha ni mwendelezo wa tendo lilelile la kuupa uwepo. Akiuondoa mkono wake, hatupo. Basi ikiwa kwa Muumba kuumba na kutunza havitengani, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumhesabia mfadhili sadaka yote, na fundi tukampa soda?

Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Katekista, bila huyo mfadhili, fundi angetengeneza nini?" Swali la haki, na mfadhili simnyimi sala. Ila yeye alitoa mara moja, akashukuriwa kwa ngoma. Mama yule hupita nyumba kwa nyumba kila mwezi akidai hela ndogo, na wengine humwita msumbufu. Asipopita, mpira ukiisha tunarudi kuchota mtoni na ng'ombe.

Nimeomba kwamba kwenye misa ya mavuno, tunapowaombea wahisani, mama huyo atajwe kwa jina, na mchango wa mpira upokelewe altareni pamoja na mpunga na mahindi.