Mwili Ukiondolewa Rangi

Picha nyeusi na nyeupe huwa tunaisifia kwamba inaonyesha ukweli mtupu. Mimi nina shaka kidogo. Rangi ikishaondoka, kinachobaki ni mwanga, kivuli na umbo: mfupa wa bega, mkunjo wa shingo, mstari wa mgongo. Kwa anayepiga picha za mwili wa binadamu, hiyo ni neema. Lakini hebu tazama upande wa pili: kwenye picha hiyo damu si nyekundu. Damu na kivuli vinafanana.

Mwingereza George Rodger aliliona hili kwa uchungu. Aprili 1945 aliingia Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani, siku chache baada ya kukombolewa. Maiti zilikuwa zimezagaa. Baadaye alisimulia kilichomtisha: alijikuta anazipanga maiti zile ndani ya fremu ili picha ipendeze. Akaamua kuachana na picha za vita.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Picha zile zilihitajika. Bila ushahidi, muuaji hukana. Na jicho la mpiga picha kazi yake ni kupanga, huwezi kuliamuru lisipange. Kwangu mimi, kosa huanza pale mtu anapogeuka umbo tu mbele yako, nawe usishtuke. Rodger alishtuka.

Mwaka 1949 alikuwa Kordofan, Sudan, kwa Wanuba. Huko alipiga picha inayojulikana mpaka leo: bingwa wa mieleka amebebwa mabegani, mwili umepakwa majivu. Bila rangi, ngozi na majivu vinakuwa kama jiwe. Ukipita haraka utadhani ni sanamu.

Picha hiyo ilimvutia Leni Riefenstahl, mwongozaji filamu aliyekuwa amemtukuza Hitler. Alimwandikia Rodger, akaahidi hata kumlipa, ili amuunganishe na Wanuba. Rodger akakataa. Mama akaenda kivyake, na mwaka 1973 akatoa kitabu cha Wanuba, chenye picha za rangi. Susan Sontag alikishambulia: aliona humo ibada ileile ya mwili wenye nguvu. Kumbe rangi nayo si dawa. Unaweza kumpiga mtu picha kwa rangi zake zote na bado usimwone.

Ila tusimfanye Rodger malaika. Picha yake imezunguka dunia nzima, na maelezo yake humtaja "bingwa" tu. Bingwa yupi? Alikuwa na mama, na kijiji kizima kilimshangilia kwa jina siku ile.

Siwaambii wapiga picha waache uzuri wa mwili. Naomba tu kabla ya kuipeleka picha kwenye maonyesho wajiulize: huyu niliyempiga akiiona, atasema "huyu ni mimi", au atauliza "huyu ni nani?"