Ndoa, Kaisari na Dhamiri

Soma Mwanzo 2:24 na Mathayo 22:21. Ndoa ilianzishwa na nani, nayo mamlaka ya Kaisari yanaishia wapi?

Juni 26, 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kuoana kisheria. Fundisho letu halikubadilika: ndoa ya Edeni ni ya mwanamume na mwanamke. Lakini je, tuiombe serikali iwalazimishe wasioliamini?

Mwaka 1888 Alonzo T. Jones alisimama mbele ya kamati ya Seneti kupinga muswada wa Jumapili. Hakuomba sheria ya Sabato badala yake. Hiyo pia angeipinga.

Wengine husema ndoa si ibada tu, kwa kuwa inagusa watoto na mirathi, mambo halali ya Kaisari. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, sheria yaweza kumnyima mtu cheti. Haiwezi kumpa moyo mpya. Hiyo ni kazi ya Roho.

Jirani yako asiyeamini akikuuliza kwa nini anyimwe haki hiyo, utamjibuje kwa kweli na kwa upendo?